Kurasa 3 za benki na faili la dada yangu

Mama alipiga simu toka Tanga mwanzoni mwa Oktoba 2008, kwake Makorora saa 2 usiku, kwetu mchana. Wakati huo nilikuwa naishi besimenti ya nyumba ya dada na shemeji, Clayton, kusini mwa Atlanta, nabeba boksi kama wengine wote. Sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa. Kasikia redioni kwamba serikali ya Marekani imetoa mabilioni kwa ajili ya matatizo ya mikopo ya nyumba, mwambie dada yako asilie tena mwanangu, mmeokolewa. Sikujua nimjibu nini, nikamwambia tunasubiri tuone mama, tukaongea habari za mabati na fundi, simu ikakata.

Nimekaa na hii stori miaka mingi. Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp kukawa na ubishi mkubwa kama ni haki serikali kuokoa benki kwa kodi za watu, mmoja akasema Marekani 2008 walifanya vizuri sana na hela zilirudi na faida juu, mwingine akasema ule ulikuwa wizi mchana kweupe, wakaanza kutukanana. Mimi nikaandika meseji ndefu nikaifuta, nikaandika tena nikaifuta, mwisho nikaona bora niiweke hapa yote.

Dada na shemeji walinunua ile nyumba 2005 kwa dola 142,000. Vyumba vitatu, uani kuna mti mkubwa wa mwaloni. Mkopo wao ulikuwa wa aina iliyouzwa sana kipindi kile, miaka 2 ya mwanzo riba haisogei, miaka 28 inayobaki riba inapanda na kushuka na soko, na kusema ukweli ilikuwa inapanda tu. Rejesho la mwezi lilianza kama dola 1,030, hapo hujaweka kodi ya nyumba na bima. Dalali wa mikopo aliwaambia msihofu, miaka 2 ikiisha nyumba itakuwa imepanda bei, mtakuja mbadilishe mkopo mpate mwingine nafuu. Ikafika 2007, bei zimeanza kushuka, dalali mwenyewe hapatikani kwenye simu, na rejesho likaruka mpaka 1,330. Dola 300 zaidi kila mwezi, kwa mtu anayelala masaa manne tu kwa siku kwa sababu analea wazee zamu ya usiku, na mume anaendesha lori ambalo mizigo yake imeanza kupungua.

Sasa hiyo mikopo haikukaa kwenye benki moja, na hapa ndo pa kuelewa. Mikopo kama ya dada, maelfu kwa maelfu, ilifungashwa pamoja, ikakatwa vipande, vipande vikauzwa kwa mabenki na mifuko ya pensheni Marekani na Ulaya. Walionunua, wengine wakaenda kuvikatia bima AIG, ambayo ndo ilikuwa kampuni kubwa kabisa ya bima Marekani. AIG ikapokea ada miaka na miaka bila kuweka pembeni hela ya kutosha kulipa siku mambo yakiharibika, yaani ni kama mtu amewadhamini majirani mtaa mzima kwa kiwanja kimoja. Mtaa ulipoanza kushindwa kulipa, wote wakaja kugonga mlango kwa siku moja.

Siku yenyewe ilikuwa Septemba 15, 2008. Asubuhi ile Lehman Brothers, benki ya miaka 158, ilitangaza kufilisika, serikali ikaiacha ianguke. Siku hiyohiyo AIG ikashushwa daraja la kukopesheka, wateja wake wakataka dhamana ya fedha taslimu, na kesho yake Septemba 16 benki kuu ya Marekani ikaikopesha AIG dola bilioni 85 na kuchukua asilimia 79.9 ya kampuni. Baadaye misaada na ahadi zote kwa hiyo kampuni moja zilifika kama bilioni 182. Nataka niseme wazi, mimi sio wa kusema wangeacha yote yaanguke. Wiki ile kuna mfuko mkubwa wa kuweka akiba ambao watu waliuona salama kama benki ulishuka thamani chini ya dola moja kwa kila dola uliyoweka, watu wakaanza kukimbia na hela zao, na makampuni yanayokopa kwa siku chache chache ili kulipa mishahara yakaanza kukosa wa kuwakopesha. Ile nyumba ya wazee anayofanya dada nayo inalipa mishahara kupitia benki. Kama mabomba yote yangefunga, wa kwanza kukosa maji tungekuwa sisi. Kwa hiyo kuokoa nakubali, mtu asije kunijibu kwenye hilo.

Kinachonikaa kooni ni jinsi hela zilivyotolewa.

Septemba 20 waziri wa fedha, Hank Paulson, ambaye kabla ya hapo alikuwa bosi wa benki ya Goldman Sachs, alipeleka bungeni rasimu ya sheria akiomba dola bilioni 700. Rasimu ilikuwa na kurasa 3. Na ndani ya hizo kurasa 3 kulikuwa na kifungu kinachosema maamuzi ya waziri hayatahojiwa na mahakama yoyote wala chombo chochote cha serikali. Kusema haki, wabunge hawakuikubali hivohivo, waliongeza usimamizi na mkaguzi maalumu na mambo mengine mengi mpaka ikawa sheria nene, na Septemba 29 waliikataa kwanza kwa kura 228 kwa 205, soko la hisa likaporomoka pointi 777 siku hiyohiyo, ndo wakarudi wakaipitisha Oktoba 3 na Rais Bush akasaini. Simu ya mama ilikuja siku hizohizo. Na mama hakukosea kabisa kusikia alichosikia, kwa sababu sheria yenyewe iliandika kwenye malengo yake kulinda thamani ya nyumba za watu na kuwasaidia wabaki kwenye nyumba zao. Imeandikwa, wino mweusi.

Siku 10 baadaye, Oktoba 13, wakubwa wa mabenki 9 waliitwa wizara ya fedha Washington saa 9 alasiri. Wakawekewa mbele yao karatasi, ukurasa mmoja kila mmoja, na nafasi ya kujaza kiasi kwa mkono. Citigroup bilioni 25, JPMorgan bilioni 25, Wells Fargo bilioni 25, Goldman Sachs 10, Morgan Stanley 10, na wengine, jumla bilioni 125. Kuna waliokuwa hawazitaki, bosi wa Wells Fargo alibisha pale pale, lakini wote walisaini jioni hiyohiyo. Hakuna aliyeambiwa lete stetimenti za miezi mitatu. Hakuna aliyeambiwa andika barua ueleze kwanini umeingia kwenye shida. Hata sharti kwamba hizo hela lazima zikopeshwe kwa wananchi halikuwepo, wala mwanzoni hawakutakiwa kuripoti wamezifanyia nini.

Na kwa AIG ilikuwa hivohivo kwa wale waliokuwa wanaidai bima. Wangeweza kuambiwa jamani kampuni imekufa, chukueni senti 60 au 70 kwa dola, kama mdai yeyote wa kampuni iliyofilisika anavyoambiwa. Walilipwa senti 100 kwa kila dola. Goldman Sachs peke yake ilipokea kama bilioni 12.9 kupitia AIG, na benki za Ufaransa na Ujerumani nazo zikapata mabilioni yao. Afu Machi 2009 ikajulikana kwamba kitengo kilekile cha AIG kilichoileta hiyo balaa kinalipwa bonasi za dola milioni 165, na jibu likawa mikataba lazima iheshimiwe.

Mkataba wa dada nao ulikuwa mkataba.

Februari 2009 Rais Obama alitangaza mpango wa kupunguzia watu marejesho, wakasema utasaidia familia milioni 3 mpaka 4. Wazo lilikuwa zuri, rejesho lako lishushwe mpaka asilimia 31 ya kipato, unajaribiwa miezi 3, ukilipa vizuri linakuwa la kudumu. Tulifurahi sana nyumbani. Juni dada akajaza. Faksi ya kwanza ilikuwa kurasa 41, nakumbuka kwa sababu mimi ndo nilizipeleka kwenye duka la kutuma vifurushi, karibu dola moja kwa ukurasa. Salari slipu za dada, za shemeji, stetimenti za benki, ritani za kodi za miaka 2, fomu ya kuruhusu wakachukue nakala za kodi, na barua ya kueleza matatizo yao ambayo dada aliiandika mara nne kwa mkono ndo akaniambia nimchapie. Kaandika mume wangu amepungukiwa safari, naomba mnisaidie nisipoteze nyumba yangu, sijawahi kuomba msaada wa serikali toka nije nchi hii.

Wiki 3 baadaye tukapiga, hatujapokea. Tukatuma tena. Tukapiga, tumepokea ila ukurasa wa 6 hauna tarehe. Tukatuma ukurasa wa 6. Tukapiga, salari slipu zimepitwa na muda, zinatakiwa za ndani ya siku chache zilizopita, na wao ndo waliozichelewesha. Kila ukipiga ni mtu mwingine, kila mtu anaanza mwanzo. Shemeji alikuwa na kalenda ya ukutani aliyopewa na fundi gari, akawa anaandika nyuma yake tarehe, saa, na jina la aliyeongea naye, upande wa nyuma wa miezi mitano ulijaa wino wa bluu. Kila risiti ya faksi dada aliibana na pini nyuma ya zile kurasa, faili likawa nene halifungi.

Oktoba 2009 wakaingizwa kwenye majaribio, dola 940 kwa mwezi. Dada alipika pilau siku ile. Wakalipa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, jibu la kudumu haliji, wanaambiwa endeleeni kulipa, wakalipa mpaka wa saba. Mei 2010 ikaja barua kwamba ombi limekataliwa kwa kuwa nyaraka hazikukamilika. Na kile ambacho hakuna aliyewaeleza ni kwamba miezi yote saba ile tofauti kati ya 940 na rejesho la zamani ilikuwa inahesabika kama deni, pamoja na faini za kuchelewa, na mchakato wa kuinadi nyumba ulikuwa unaendelea kwenye ofisi nyingine muda wote huo. Tangazo lilikuwa limeshaanza kutoka kwenye gazeti la kaunti.

Baadaye ndo nikaelewa kwanini. Anayekusanya marejesho kwa kawaida sio mwenye mkopo, ni wakala tu anayelipwa ada. Serikali iliahidi kumpa kama dola 1,000 kwa kila mkopo atakaourekebisha, na nyongeza kidogo miaka inayofuata, lakini kurekebisha kunataka wafanyakazi waliofundishwa na muda, wakati mkopo uliokwama unamletea faini na ada kila mwezi. Na hakuna aliyemlazimisha. Kulikuwa na pendekezo la kuwapa majaji wa mahakama za mufilisi uwezo wa kupunguza deni la nyumba, kitu ambacho kingewafanya hao mawakala na wenye mikopo wakae mezani, Seneti ikalikataa Aprili 30, 2009, kura 45 kwa 51. Hela zilikuwepo, nguvu ya kushurutisha ndo iliondolewa. Waliopata nafuu ya kudumu kwenye ule mpango mpaka unafungwa hawakufika milioni 2.

Georgia nyumba inaweza kunadiwa bila hata kwenda mbele ya jaji, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi kwenye mahakama ya kaunti. Ya dada ilikuwa Juni 1, 2010, Jonesboro. Dada hakutaka kwenda, shemeji alikuwa barabarani Alabama, nikaenda mimi. Jua kali. Kulikuwa na watu kama 20, wengine na simu sikioni, na jamaa mmoja wa shati la mikono mifupi ana rundo la karatasi anasoma haraka haraka bila kuinua macho, namba ya kiwanja, kitabu namba fulani ukurasa fulani, majina. Jina la dada alilitamka vibaya. Hakuna aliyepandisha bei, benki ikajinunulia yenyewe, akageuza karatasi akaanza nyingine. Nadhani ilichukua dakika 2. Nilibaki nimesimama pale mpaka alipomaliza rundo lote, sijui nilikuwa nasubiri nini.

Ndo maana mtu akiniambia hela zilirudi na faida namsikiliza vizuri, kwa sababu kwa upande wa hesabu hasemi uongo. Mabenki yalirudisha pamoja na gawio, na AIG serikali ilipomaliza kuuza hisa zake Desemba 2012 ilitangaza imepata bilioni 22.7 zaidi ya ilichotoa. Sawa. Lakini ile hesabu ina upande mmoja tu. Benki ilipewa muda. Ilipewa mtaji ikavumiliwa miaka mpaka mali zake zipande bei tena, na zilipanda, hata ile nyumba yenye mwaloni imepanda, nimeiangalia mtandaoni, leo ni zaidi ya mara mbili ya bei ya dada. Angepewa na yeye miaka mitatu ya kuvumiliwa kwa lile rejesho la 940, ambalo alionyesha mara saba kwamba analiweza, angekuwa ndani mpaka leo na mkopo ungekuwa unalipika. Sioni hasara ya nani hapo.

Na haijaisha na 2008. Machi 2023 Silicon Valley Bank ilifungwa Ijumaa, bima ya amana ni mwisho dola 250,000 kwa mtu, na karibu amana zote pale zilizidi hapo kwa sababu wateja wengi walikuwa makampuni ya teknolojia na wawekezaji. Jumapili jioni serikali ikatangaza wote watapata hela zao zote. Siku 2. Nikakumbuka nyumbani Januari 2018 benki kuu yetu, BoT, ilipofunga benki 5 kwa mpigo, zikiwemo za wananchi wa Njombe na Meru na ya wakulima Kagera, fidia ya bima ilikuwa mwisho shilingi milioni 1.5 na kinachozidi usubiri mufilisi auze mali za benki. Najua nchi ni tofauti na mifuko ni tofauti, na benki ndogo ikifa nchi haitikisiki. Ila huyo mkulima wa Kagera kwake ndo nchi yote imetikisika, na yeye ndo aliyetakiwa kupanga foleni na kitambulisho.

Kwa hiyo kwenye ubishi wa grupu mimi msimamo wangu ni huu, okoeni, ila masharti yaanze juu. Aliyekopa bilioni 25 alete karatasi 41 na zikikosa tarehe arudi. Asiwe mtu wa dola 300 za ziada kwa mwezi ndo anayekaguliwa mpaka soksi.

Dada alihamia apatimenti ya vyumba viwili Riverdale, watoto wakabadilisha shule, wakaacha ujirani wao wote. Faili bado analo. 2013 wasimamizi wa mabenki walifikia makubaliano na makampuni yaliyokuwa yakikusanya mikopo, watu kama milioni 4.2 waliokumbwa na minada ya 2009 na 2010 wakatumiwa cheki, wengi mia chache tu za dola. Ya dada ilikuwa 800. Ilikuja kwenye bahasha ya kawaida, nusura aitupe akidhani ni matangazo, na kwa kuwa tulishasikia kwamba cheki za mwanzo za wengine zilirudishwa benki hazina hela, alisubiri wiki nzima ndo akaipeleka, ikapita.

Hela yote alimtumia mama, kwa ajili ya yale mabati. Mama alipiga kushukuru, akauliza, mwanangu hizi ndo zile alizokuwa anazisema mtu wa redio? Dada alikuwa ndo ametoka zamu ya usiku, viatu bado mguuni, amekaa kwenye kochi. Akamwambia ndiyo mama, ndo zenyewe.